Siku Shani Hakufagia

Shani aliinua ndoo ya matumbo ya samaki, akageuza uso pembeni, akaimwaga katikati ya chumba chake mwenyewe.

Shombo lilimpanda puani mpaka machozi yakamtoka. Matumbo yenyewe yalikuwa ya jana. Aliyaomba kwa wapara samaki wa Kilindoni, akayaacha juani kutwa nzima yapate kuvunda sawasawa. Sasa akayasambaza kwa kijiti, mengine chini ya kitanda, mengine karibu na mtungi wa maji. Nzi hawakungoja kukaribishwa.

"Mama, kwani leo hatufagii?" Riziki, binti yake wa miaka mitano, aliuliza akiwa mlangoni.

"Hatufagii. Na wageni wakija, wewe usiseme neno."

Siku ya tatu ile mtoto hajaogeshwa. Kamasi zilimkaukia mdomoni, na miguu Shani ndiye aliyempaka matope kwa mkono wake. Shani alizoea kumbusu mtoto huyu akinukia mafuta ya nazi.

Wageni wenyewe walikuwa kamati ya nyumba. Tangu hifadhi ya bahari izuie watu kuvunja matumbawe ya kujengea, asiye na uwezo wa kununua saruji alibaki na udongo wake na makuti yake. Ndipo watu wa Miburani walipoanza msaragambo wa kila Jumamosi, kuwajengea nyumba wasiojiweza. Edwin, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alitoa saruji. Hoteli moja ya Utende ikatoa mabati. Mafundi walijenga bila ujira, na wanawake wakateka maji na kubeba kokoto kichwani. Shani hakukosa Jumamosi hata moja, hata zile ambazo Kombo, mumewe, alikuwa amepiga kambi dagoni na wavuvi wenzake na hakuna wa kumwachia mtoto.

Nyumba tano zilikwisha kupata wenyewe. Ikabaki ya sita. Kuta zake Shani alizijua tofali kwa tofali, na kimoyomoyo alishachagua kona ya Riziki, mbali na dirisha. Kifua cha mtoto kisingestahimili masika mengine chini ya makuti yanayovuja.

Mwaka jana kamati ilipita hapa haikuingia hata ndani. Waliona uwanja uliofagiwa ukabaki na michirizi ya chelewa, wakaona mkeka umekung'utwa na sufuria zinang'aa juu ya kichanja, wakasema hawa wanajiweza, wakaenda zao. Nyumba akapewa Jumanne, ambaye kwake mbuzi na watoto walilala pamoja.

Somoe, jirani yake, ndiye aliyemfumbua macho. "Shoga, wewe umeufagia mpaka umaskini wako," alimwambia huku anacheka. "Nani atauona?"

Kwa hiyo mjumbe alipopita kusema kamati itafika kwake Jumamosi, Shani alikwenda Kilindoni na ndoo.

Aliingiza kuku ndani. Akamwaga maji ya samaki kizingitini. Akarudi akachukua mkeka wake wa miyaa, ule aliofuma mwenyewe alipokuwa na mimba, akaukokota juu ya uchafu mpaka rangi zikapotea. Hapo ndipo alipotoka nje akatapika. Matapishi nayo hakuyafukia.

Saa nne wakabisha hodi. Walikuwa watatu: Edwin, nesi Jovina na Mwalimu Gerson, katibu. Walivaa kama watu wanaokwenda harusini. Jovina alishika mfuko wenye kanga mpya, Edwin mkono mmoja ameutia mfukoni. Shani akajisemea, watu wa ofisini ndivyo walivyo, hata kukagua uchafu wanajipamba.

"Hapa ndipo kwa Shani, mama Riziki?" Jovina aliuliza.

"Ndipo. Karibuni."

Jovina alimtazama mwalimu, kisha akauliza tena, taratibu, iwapo kweli yeye ndiye Shani mwenyewe. Shani akasema ndiye.

Wakaingia. Edwin alikanyaga utumbo, kiatu chake kilichong'arishwa kikateleza, akajishika kwenye nguzo na kiganja chake kikarudi na kinyesi cha kuku. Mwalimu aliziba pua kwa leso. Jovina alifunua mtungi, akaona magamba yanaelea, akaufunika upesi kama mtu aliyechungulia kaburi. Kinyaa kiliwajaa usoni, na kila walivyozidi kukunja nyuso ndivyo moyo wa Shani ulivyozidi kupanda.

Hofu yake moja tu ilikuwa Riziki. Mtoto alisimama pembeni akijibana pua kwa vidole viwili, kama mgeni wa nne. Shani alimkata jicho, mtoto akashusha mkono.

Edwin akamwinamia mwalimu. Alinong'ona, lakini chumba kilikuwa kidogo. "Kama kwa Jumanne kabisa."

Shani alishusha pumzi. Jumanne si alipewa?

Walitoka nje wakasimama juani, wakipumua. Jovina alikuwa anafunga mfuko wake wa kanga. Shani aliwafuata hadi uwanjani, mikono inanuka, akangoja waandike jina lake.

"Kina Jumanne tayari wameufanya kuni mlango wa nyumba tuliyowapa, mbuzi wamo sebuleni," Edwin alisema, akijipangusa kiganja kwenye jani. "Saruji yangu ile. Safari hii tukaapa hatukosei. Tulikuja hapa wiki iliyopita, dada, ulikuwa kisimani. Tulisimama papa hapa, tukauona uwanja ulivyofagiwa, tukakubaliana wote watatu nyumba iwe yako. Leo hatukuja kukagua."

Akautoa ule mkono mwingine mfukoni, umeshika ufunguo wa nyumba. Ufunguo ulikuwa mpya, umefungwa utepe mwekundu. Nzi mmoja akatua juu yake. Edwin alimtazama yule nzi, akamfukuza, akaurudisha ufunguo mfukoni.