Alama ya Swali la Tisa

"Soma tena," fundi springi alisema, akaibandika karatasi mezani kwa kiganja kizito hata kikombe cha mwalimu kikaruka. "Swali la tisa. Kwa sauti."

Mwalimu alisogeza kikombe pembeni, akavaa miwani. "Springi ya valvu ni spairo au ni heliksi? Eleza."

"Na jibu?"

"Heliksi. Spairo imelala, na kila ikizunguka inazidi kwenda mbali na katikati, kama ile dawa ya mbu ya kuwasha. Heliksi inapanda, upana wake haubadiliki, kama waya uliozungushwa kwenye bomba."

"Kosa liko wapi hapo?"

Juu ya jibu palikuwa na mkasi mwekundu wa kosa, na kando yake maneno matatu: Soma kwa makini. Fundi aliyaona maneno hayo ukumbini, karatasi ziliporudishwa, na tangu hapo damu ilikuwa inamchemka. Wiki iliyotangulia karatasi ile ilikuwa imesomwa jikoni sufuria ikitokota, ikasomwa kwenye kituo cha basi, mpaka kona zake zikalegea kama kitambaa.

Alama kumi na nne. Zilizotakiwa ni kumi na tano. Chuo kilikuwa kimetoa maswali ishirini ya kujibu nyumbani kwa wiki moja, kisha waombaji wakatia sahihi chini kwamba wamejibu wenyewe. Majina hayakuandikwa, namba tu, ili upendeleo usipate mlango. Namba za watakaoingia darasa la ufundi mitambo zingebandikwa ukutani saa sita, na sasa ilikuwa inakaribia saa tano.

"Mzazi, nakuelewa," mwalimu alisema. "Sote tuna watoto."

Fundi aliliacha lipite. Hakuja kuchagua jina la kuitwa. Alikuja kudai alama moja.

"Sijaomba unielewe. Nimeuliza kosa liko wapi."

"Mwongozo wa kusahihishia unasema spairo. Na hata Waingereza wenyewe, ile ngazi ya kuzunguka wanaiita ya spairo."

"Wanaiita hivyo wakiwa wanaipanda. Kamuulize anayeichomelea."

Mwalimu alivuta kitabu rafuni, akakifungua kwa utulivu wa mtu mwenye ushahidi. "Tazama. Spairo, mzingo. Heliksi, mzingo. Kwa lugha yetu ni kitu kimoja, mama. Tunagombana bure."

"Kwa hiyo mwenye gari akija kwangu na injini inakohoa, nimfungie dawa ya mbu. Si mzingo?"

Mwalimu alicheka. Fundi hakucheka. Aliyeandika kile kitabu alikuwa hajawahi kuchomwa kidole na waya, na bado neno lake ndilo lilikuwa linamfungia mtu mlango. Hilo ndilo lililomuudhi. Si kukosea, kila mtu hukosea. Ni kukosea ukiwa umekaa, halafu ukamwandikia mwenzio kwa wino mwekundu asome kwa makini.

Aliingiza mkono kwenye mfuko wa ovaroli, akatoa plaisi na kipande cha waya. Hakuomba ruhusa. Alikamata ncha moja, akaikunja, akaizungushia waya mzunguko nje ya mzunguko, yote imelala bapa, mpaka likatoka duara pana kama kisahani. Akalikata, akalitupa juu ya kitabu.

"Spairo. Bonyeza."

Mwalimu alilibonyeza kwa kidole. Likatulia mezani kama limekufa.

Fundi akachukua kalamu nyekundu ya mwalimu, akaiviringishia waya uliobaki kuanzia kwenye kofia yake kuteremka chini, mizunguko ikifuatana kwa nafasi sawa kana kwamba imepimwa. Akaichomoa kalamu, akaisimamisha springi.

"Heliksi. Bonyeza."

Mwalimu akabonyeza. Springi ikashuka, ikakisukuma kidole chake juu. Akabonyeza tena, mara hii bila kuambiwa.

"Gari lako," fundi alisema, "linatembea kwa ajili ya hiki, si kwa ajili ya hicho kitabu."

Kisha mwalimu akaichukua kalamu yake, akaupiga mstari ule mkasi, akaweka alama ya vema. Mkono wake ulikwenda juu ya ukurasa, kwenye jumla, ukaandika moja. Ukasimama kabla ya tano.

"Ngoja kwanza." Alirudi kwenye jibu, akalisoma taratibu, midomo ikitembea. "Waya uliozungushwa kwenye bomba. Mtoto aliyemaliza shule juzi hawezi kuyajua haya." Akainua macho, akaitazama mikono ya fundi, makovu na mafuta meusi kwenye kucha. "Jibu hili umeliandika wewe."

"Nimeliandika mimi."

"Na mengine?"

"Yote ishirini."

Mwalimu alishusha pumzi. Sauti yake ilipungua, ikawa ya mtu anayetoa pole msibani. "Mama, ulikuja na haki mkononi, umeimwaga mwenyewe. Alama moja ningempa. Lakini huu ni udanganyifu, na ukishaingia kwenye faili haufutiki. Umemharibia mtoto."

Aligeuza karatasi, akaweka kidole kwenye sahihi.

"Aliyetia sahihi hii aje hapa kabla ya saa sita. Asimame mbele yangu, aniambie usoni kwamba alijibu mwenyewe."

Fundi alirudisha plaisi mfukoni.

"Ameshasimama, mwalimu. Sahihi hiyo ni yangu."