Pumua, Mwalimu

Msellem alikwisha kukaa ukingoni mwa boti, mtungi wa hewa mgongoni, mapezi miguuni. Leo Zuhra, mwanafunzi wake, ndiye angeongoza uzamiaji kwa mara ya kwanza.

"Tushuke, binti. Jua linapanda."

"Bado sijakukagua, mwalimu."

Wenzao wakacheka. Nani amkague Msellem, aliyewafundisha wote? Zuhra hakucheka. Alishika kipimo cha hewa cha mzee. "Pumua, nione."

Msellem akavuta pumzi. Mshale ukaporomoka, alipoiachia, ukapanda. Kicheko kikakatika. Alikuwa na mazoea ya kufungua valvu ya mtungi hadi mwisho, kisha kuirudisha kidogo. Leo mkono wake uliirudisha mno. Kule chini hewa isingemtosha.

Zuhra akapeleka mkono nyuma ya shingo ya mzee, akaifungua valvu hadi mwisho. "Pumua tena."

Mshale ukatulia tuli.

Msellem aliisubiri aibu, haikuja. "Mmeona?" akawauliza wenzao, sauti ikipaa. "Nilimwambia asimwamini mtu, hata mimi. Huyu nimemfundisha mimi!"

Akasogea, akampisha mbele. Zuhra akajitosa. Mzee akauma kipumulio chake, akayafuata mapovu ya mwanafunzi wake.