Breki za Safari ya Usevya

Kwa mara nyingine Ubaldo alilisimamisha gari lake kwa kuligongesha kwenye kichuguu. Akina mama waliokuwa wakianika mpunga kando ya barabara ya stesheni walitawanyika wakipiga mayowe. Alikuwa amekanyaga breki kwa nguvu zake zote, na mguu ukazama kama unaoingia matopeni.

Alishuka akalizunguka. Lilikuwa pikapu kuukuu, masalia ya vita, lakini ndilo lililomlisha kwa kubeba mpunga wa Wapimbwe mpaka kwenye treni hapa Mpanda. Sasa mafuta ya breki yalichuruzika kwenye kila gurudumu. Na mwezi huohuo binti yake Romana alikuwa anaolewa kanisani Usevya. Kufika huko lazima uushuke mlima wa Lyamba lya Mfipa, ambako upande mmoja wa barabara ni mwamba, na upande wa pili hakuna kitu.

"Baba Romana, mimi na mwanangu humo hatupandi," mkewe Josephina alimwambia.

"Nitalitengeneza."

"Kwa spea zipi?"

Alikwenda Tabora, akazunguka maduka yote, akarudi mikono mitupu. Spea za gari kama hilo, walimwambia, labda uagize Ulaya, na zingefika masika yakiwa yamekwisha.

Aliyebaki ni rafiki yake Kasimiri, fundi mwenye gereji karibu na mgodi. Hakukuwa na gari Mpanda lisilopita mikononi mwake. Kasimiri alimsikiliza, kisha akamwambia arudi keshokutwa.

Aliporudi, alikuta kila kitu kimepangwa juu ya gunia: pampu nzima ya breki, vipira laini visivyo na ufa, na viatu vya breki ambavyo havijalika.

"Umevitoa wapi?"

"Unataka breki au unataka hadithi?" Kasimiri hakumtazama usoni. "Nawe niachie vile vibovu vyako. Vitanifaa."

Walishinda wakivifunga garini. Kadiri kazi ilivyosonga, ndivyo roho ya Ubaldo ilivyozidi kuwa nzito. Mwaka uliopita pikapu moja ilitumbukia mtoni Sitalike, hakutoka mtu hai. Mabaki yake yalikokotwa hadi nyuma ya mgodi, na hakuna aliyethubutu kuyagusa. Ubaldo hakuwa na shaka tena. Kilichokuwa mikononi mwake kilikanyagwa mara ya mwisho na mguu wa marehemu.

Nyumbani alisema tu kwamba breki zimepona. Lakini asubuhi ya safari Josephina alilitazama lile gari, akatikisa kichwa.

"Wewe beba mchele na mbuzi. Sisi tutakuja na Thadei."

Thadei alikuwa mfanyabiashara wa jirani. Naye alikuwa na pikapu, ya aina ileile, lakini aliitunza kama yai. Ilitoka dukani kwake hadi stesheni na kurudi, basi. Siku nyingine Ubaldo angebisha. Siku hiyo alishukuru moyoni. Kama breki za marehemu zilikuwa na lao, basi liishie kwake peke yake.

Alimpitia Kasimiri gerejini, akamkuta amevaa koti lake la kuendea harusini. Njia nzima Ubaldo alisali chinichini. Walipofika ukingoni mwa mlima, alipiga ishara ya msalaba, akaliachia gari.

Alikanyaga breki. Gari likatii.

Kona ikaja, likatii. Nyingine, kali zaidi, jiwe likaruka kutoka chini ya gurudumu na kupotea bondeni, na gari likatulia kama ng'ombe aliyefungwa. Katikati ya mteremko alisimama ili injini ipoe. Ndipo akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Kasimiri, unisamehe. Nilidhani umenipa breki za wale wa Sitalike."

"Zile? Zile ziliozea majini zamani!" Kasimiri naye akacheka. "Halafu, bibi harusi na mama yake walitangulia lini?"

"Hawajatangulia. Wako nyuma yetu, na gari ya Thadei."

Kicheko cha Kasimiri kilikatika. Alifungua mlango, akashuka, akasimama katikati ya barabara akitazama juu walikotoka.

"Ile gari haiendi mbali na stesheni," alisema, kama mtu anayebishana na nafsi yake. "Nimeshaagiza nyingine Ulaya, zikija nimrudishie. Zile zako niliziziba kwa mpira wa tyubu, nikamfungia yeye. Kwenye tambarare zinashika, Ubaldo. Kwenye tambarare zinashika kabisa."

Huko juu, nyimbo za akina mama waliokuwa wakimwimbia bibi harusi zilikuwa zimeanza kushuka.