Arobaini ya Mhoja

Saa kumi na moja jioni, siku ya arobaini ya Mhoja, uso wake ulitokea kwenye filamu ya dola ya Mutapa. Kisheria, nyuso za marehemu zilikuwa mali ya filamu za falme za kale. Familia iliyokataa ilifutiwa uso huo katika kila picha iliyokuwa nayo.

“Waume wa wenzako wanabeba maji tu humo,” mama mkwe alimwambia Nyamizi, mjane wa Mhoja. “Mwanangu kapewa mkuki!”

Dakika ya kumi na mbili, mshale ulimwingia Mhoja shingoni. Alikufa taratibu, midomo ikitetemeka kama ilivyotetemeka wodini.

Kalunde, binti yake wa miaka sita, aliuliza, “Mama, hata shuleni watakuwa wanamuua?”

“Kila muhula,” bibi alijibu. “Ndiyo historia, mjukuu wangu. Haya, mkwe, kubali upesi, wageni wanangoja pilau.”

Skrini iliuliza kama familia imeridhia. Nyamizi alimtazama binti yake, akabonyeza Hapana.

Saa kumi na moja na dakika kumi na tisa, kwenye picha ya harusi ukutani, juu ya kola ya bwana harusi palikuwa peupe.