Dirisha la Juu

Sikudhani alikuwa ameupiga picha ukumbi wa dansi uliotelekezwa, nyeusi na nyeupe, lakini ilitoka na giza mno. Akakaa kwenye kompyuta, akalitia mwanga dirisha la juu kidogo kidogo, mpaka akatokea mzee anayepuliza tarumbeta, mashavu yamemjaa.

"Mama, njoo umwone huyu!"

Mama yake, mjane wa siku nyingi, akainama, akashika mdomo. "Mbaruku! Si waliniambia amehama mji, ndipo nikakubali kuolewa kwingine? Umeipiga lini?"

"Juzi asubuhi."

Mama akaingia chumbani, akatoka amevaa gauni jekundu. "Haya, nipeleke."

Walipofika ukumbini, tarumbeta ilikuwa inalia. Mama akavua viatu, akacheka peke yake, akaanza kupanda ngazi, mabega yakicheza tayari.