Mgeni wa Kumi na Moja

Wening aliweka bakteria kumi, na programu ikamrudishia kumi na moja.

Tempe aliyowaweka, yaani chakula cha soya iliyochachushwa, ilikuwa ya ndani ya kompyuta tu. Alichukua vinasaba vya bakteria kumi anaowajua, akavikatakata na kuvitia makosa, kama mashine ya maabara inavyovitoa, ili aone kama programu yao mpya itawatambua wote.

"Mfute huyo wa ziada, dada, bosi anakuja saa nane," mwenzake alisema. "Au siku hizi unaumba viumbe?"

"Sikumweka mimi."

"Basi kajileta."

Wening akafuata vipande vya mgeni huyo kimoja kimoja. Vyote vilitoka kwenye faili la bakteria wa saba, yule waliyempata katika tempe ya mama yake miaka sita iliyopita. Mgeni alikuwa amejibanza humo tangu siku ile, na hakuna orodha yoyote iliyokuwa na jina lake.

Wening akakigeukia chakula chake cha mchana, tempe ya mama yake iliyofungwa kwa jani. Mama yake hakununua hamira hata siku moja. Soya aliichachusha kwa majani ya mti wa waru yaliyofunika tempe ya jana, kama bibi, kama mama wa bibi.

Akaligeuza jani. Kwenye vinyweleo vya chini, unga mweusi wa kuvu ichachushayo tempe ulikuwa bado umeng'ang'ania.

"Lina nini hilo?" Mwenzake akainama.

"Rudi nyuma," Wening alinong'ona, machozi yakimlengalenga. "Usilipumulie. Huenda mgeni wetu yumo humu, tangu kwa mama wa bibi."