Kosa la Mama

"Ha hendi iz sheki," mama alisema, akakunja uso kama anayemeza dawa chungu.

"Mai, mama. *Mai* hendi. Mkono wangu unatetemeka," alisahihisha binti yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu. "Ukisema ha, unamsema mwanamke mwingine."

"Nimekusikia. Ha hendi iz sheki."

Mwalimu alishusha pumzi. Darasa lake zima halikuwa na mtoto mwenye kichwa kigumu namna hii. Akamwandikia neno lile kwenye karatasi ili alione kwa macho, lakini herufi zilipanda na kushuka kama ngazi mbovu. Meza hii nayo! Alikunja kipande cha gazeti, akakisukuma chini ya mguu wa meza, juu ya vipande vingine alivyokwisha kuvisukuma pale.

Daktari bingwa wa mishipa ya fahamu alikuwa amekuja kutoka nje kwa wiki moja tu, na Kiswahili hakukijua hata cha kuombea maji. Mama ndiye aliyezileta habari hizo nyumbani, na mama ndiye aliyepanga foleni ya namba. "Kesho twende wote," alisema, na hakutaka maswali. Mwalimu alipojitolea kumtafsiria, alikataa katakata.

"Wewe utatafsiri unavyotaka wewe. Haya nitayasema kwa mdomo wangu. Mficha maradhi, kilio humfichua."

Hapo ndipo Mwalimu alipoingiwa na hofu ya kweli. Baba yake alianza hivyo hivyo. Kwanza vikombe vilimponyoka, kisha miguu ikamgomea, mwisho ulimi. Mama alimuuguza mpaka siku ya mwisho, akimlisha kwa kijiko. Sasa ugonjwa ule ule ulikuwa umerudi kumchukua mama naye, na Mwalimu hakuwa na mtu mwingine duniani.

Na dalili zilikuwa wazi kwa mwenye macho. Vikombe vya udongo vilikuwa vinavunjika kimoja baada ya kingine, na mama alivizoa vigae. Kisha akanunua vya plastiki, akawa anamimina chai nusu tu. Barabarani alimkamata Mwalimu mkono na hakuuachia, mama yule yule ambaye zamani alitembea mbele kama askari wa gwaride. Maskini, Mwalimu aliwaza, hata ardhi haiamini tena.

"Tuendelee," mama alisema. "Mtu anayepepesuka akitembea?"

"Ansitedi."

"Na anayefika mlangoni akasitasita, kana kwamba hana hakika kizingiti kiko wapi?"

"Hezitanti."

"Kumbe wana maneno yote haya ya kuyumba! Watu hawa husimama saa ngapi?"

Mwalimu aliangua kicheko, na kicheko kikageuka kilio katikati. Alilia kama mtoto, kichwa juu ya meza.

"Mbona hukuniambia mapema, mama?"

"Nilikuambia. Ukasema ni meza."

Hakukumbuka, au hakutaka kukumbuka. Alijichukia. Mama yake amekuja kwake na shida, naye anamjibu habari za meza!

"Nyamaza, mwanangu," mama alisema, akimfuta machozi kwa ncha ya kanga. "La baba yako tulichelewa. Hili tutaliwahi. Hebu niambie tena lile la mkono."

Asubuhi walikaa kwenye benchi la hospitali, bega kwa bega. Mwalimu aliishika ile karatasi ya maneno, endapo mama angesahau. Karatasi ilikuwa ikichakarisha, mpaka mgonjwa wa jirani akageuka kuangalia. Upepo wa korido hizi, Mwalimu alimwambia, akatabasamu kwa aibu. Moyoni alikuwa anaomba neno moja tu, tena na tena: nichukue mimi, mwache yeye.

Jina lao lilipoitwa, mama alimsaidia kuinuka. Chumba kilikuwa kidogo, dirisha limefungwa, na mbele ya daktari palikuwa na kiti kimoja tu.

"Kaa wewe," mama alisema.

"Mama, jamani, kaa wewe."

"Nikikaa nitasahau Kiingereza. Kaa."

Hakuna aliyewahi kumshinda mama kwa ubishi. Mwalimu aliketi. Daktari alivua miwani, akauliza kwa Kiingereza shida ni nini. Mwalimu aliuma mdomo asije akajibu.

Mama alisogea mbele, akajikohoza.

"Dokta," alisema polepole, kila neno likikaa mahali pake, "ha hendi iz sheki."

Mwalimu alifumba macho. Kosa lile lile! Aliyafumbua upesi, akamgeukia daktari amweleze kwamba ni mai, kwamba mama amekosea, samahani sana. Lakini daktari hakuwa anamtazama mama. Alikuwa anaitazama karatasi iliyokuwa ikichakarisha mkononi mwa Mwalimu, mle chumbani msimokuwa na upepo.